Kipupwe hiki, kajaribu baridi ya Mlima Kenya

Wewe wa Ndia Kuu, kipupwe kikiingia unavaa sweta, unakaa barazani na kahawa chungu, unalalamika baridi. Hiyo si baridi, maze. Usiku wa Julai hapa Mombasa ni kama nyuzi 20. Old Moses, kambi ya kwanza ukipanda Mlima Kenya kupitia lango la Sirimon, iko mita 3,300 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka takriban nyuzi 6. Piga hesabu mwenyewe.

Najua utasema milima ni ya watu wa bara. Basi sikiza. Mwaka 1848 mmishonari Johannes Rebmann alitoka Rabai kwenda Uchagani, na aliyemwongoza ni Mswahili, Bwana Kheri. Rebmann alipouliza ule weupe kileleni Kilimanjaro ni nini, kiongozi wake alimjibu kwamba ni baridi tu. Kule London wasomi walibisha miaka mingi, eti theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Mtu wa pwani alishajua.

Safari si ngumu kupanga. Panda SGR Miritini hadi Nairobi, kisha matatu hadi Nanyuki. Kiingilio cha mbuga hulipwa kwa eCitizen, kwa hivyo usitegemee pesa taslimu langoni. Jaketi na glavu tafuta kwenye mitumba ya Kongowea.

Sisi tulikuwa wanne, siku mbili, na kiongozi mmoja wa huko huko. Kutoka langoni hadi Old Moses ni kama kilomita 9, njia imepita msituni. Kiongozi alitembea polepole kama anayesindikiza bibi harusi, na ukimpita anakurudisha nyuma. Si uvivu. Ukishapita mita 2,500 hewa ni nyepesi, na mwenye haraka ndiye huanza kuumwa kichwa na kutapika.

Asubuhi tulitaka kupanda zaidi kidogo kabla ya kurudi. Mwenzetu mmoja, mtu wa gym kila siku, kichwa kilimgonga usiku kucha na chai ikakataa kukaa tumboni. Kiongozi alimwambia, "Ndugu, wewe unashuka." Na kwa kuwa kiongozi ni mmoja, tukashuka sote. Jamaa alinuna, maana alilipa kama sisi. Jioni alikuwa Nanyuki anakula chapati. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huo ni kushuka, na hauangalii misuli.

Kwa hivyo kabla ya kutuma pesa, uliza: kiongozi ana kibali? Mmoja akiugua, nani anashuka naye? Ikiwezekana lipieni viongozi wawili. Na anayekuahidi kilele cha Lenana, mita 4,985, kwa wikendi moja ukitokea usawa wa bahari, mkimbie. Hicho kipangie siku nne au tano za mlimani.