Oili ya Gari Si ya Bluu, Mbona Moshi Wake ni wa Bluu?

Msomaji mmoja wa Makambako ameleta swali ambalo mafundi watatu wamekwisha kumjibu kwa majibu matatu. Gari lake dogo la petroli, toleo la mwaka 2006, kila asubuhi likiwashwa hutoa wingu la moshi wa bluu. Baada ya dakika moja hivi moshi hukoma, na gari hutembea vizuri kutwa nzima. Fundi wa kwanza amesema ringi za pistoni zimekwisha, injini ishushwe. Wa pili ameshauri oili nzito zaidi. Wa tatu amemwambia aliuze mapema, kabla halijamfia mikononi. Anataka kujua amsikilize nani.

Jibu limo ndani ya swali lake mwenyewe, katika neno "asubuhi", na litafikiwa hivi punde. Ila kuna jambo ambalo gerejini halizungumzwi, nalo ndilo tamu kuliko yote katika habari hii. Kwa nini moshi huo uwe wa bluu? Oili mpya ina rangi ya dhahabu, iliyotumika ni nyeusi. Petroli haina ubluu wa kuupaka moshi, chuma cha injini hakina. Bluu hiyo yatoka wapi?

Yatoka kwenye nuru ya jua, ikichujwa na ukubwa wa matone. Oili ikipenya ndani ya silinda, sehemu yake huungua na sehemu nyingine hugeuka mvuke kwa ukali wa joto. Mvuke huo ukipita kwenye bomba la ekzosi na kukutana na hewa ya nje hupoa na kuwa ukungu wa matone madogo mno, ambayo kipenyo chake hakifiki mikrometa moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Nuru nayo husafiri kwa mawimbi. Wimbi la nuru nyekundu lina urefu wa nanometa 650 hivi, la bluu karibu 450. Matone mengi ya oili ni madogo kuliko hata hilo la bluu, na hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga.

Mtu aliyesimama ufukweni Bagamoyo maji yakijaa huona mawimbi ya aina mbili kwa pamoja. Yapo marefu yanayotoka bahari kuu, ambayo kati ya mgongo mmoja na wa pili ni hatua nyingi; na vipo viwimbi vifupi vinavyoamshwa na upepo wa papo hapo. Katikati ya maji pamechomekwa boriti ya mkoko, ile inayofungiwa ngalawa. Wimbi refu likiifikia boriti huipita bila kuitambua, na upande wa pili maji huendelea na safari yake. Kiwimbi kifupi hakina ubavu huo. Kikiigonga boriti huvunjika, na viduara vidogo vya maji hutawanyika kutoka hapo kwenda kila upande. Anayetazama akiwa pembeni kabisa, nje ya njia ya mawimbi, haletewi chochote na lile wimbi refu. Kinachomfikia ni viduara vya vile vifupi tu. Tone la oili ndiyo boriti hiyo. Nuru nyekundu hulipita na kwenda zake, nuru ya bluu hutawanywa, na jicho la anayesimama kando ya gari hupokea hiyo iliyotawanywa.

Sasa boriti ing'olewe, pawekwe jabali la matumbawe lenye ukubwa wa nyumba. Hapo mawimbi yote, marefu kwa mafupi, yatagonga na kurudishwa. Hayo ndiyo matone ya maji katika mvuke, ambayo hukua hadi mikrometa kadhaa: hutawanya rangi zote sawasawa, na rangi zote zikichanganyika jicho huona weupe. Jabali nalo liondolewe, uachwe msitu mzima wa mikoko yenye mizizi iliyosongamana. Mawimbi huingia na hayatoki, nguvu yake imemezwa humo humo. Huo ni masizi ya moshi mweusi, chembe za kaboni ambazo humeza nuru ya kila rangi.

Kwa hiyo bluu, nyeupe na nyeusi ni vipimo vya kweli vya kile kilichomo katika moshi, na kimoja kati ya vipimo hivyo kilifanyiwa kazi maabara zaidi ya karne moja na nusu iliyopita. Mwishoni mwa miaka ya 1860, mwanafizikia John Tyndall, mzaliwa wa Ireland, alijaza mvuke wa kemikali ndani ya bomba la kioo katika Royal Institution jijini London, akapitisha humo mwanga mkali. Wingu lilipoanza kujiunda lilikuwa la bluu safi. Kadiri chembe zake zilivyokua, bluu ikafifia na wingu likawa jeupe. Mwaka 1871 Lord Rayleigh akatoa hesabu yake: kwa chembe ndogo mno kuliko wimbi, kiasi cha nuru inayotawanywa hupanda kwa kipeo cha nne kadiri wimbi linavyokuwa fupi. Maana yake, bluu hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu. Kanuni hiyo ndiyo inayoipa mbingu rangi yake. Moshi unaopanda kutoka ncha ya sigara ni wa bluu kwa sababu hiyo hiyo, na ule unaotoka kinywani mwa mvutaji ni mweupe kwa kuwa chembe zake zimekwisha kunenepa kwa unyevu wa mapafu.

Faida ya kulijua hili ni ya papo hapo. Moshi wa oili ukitazamwa kwa kuelekea jua huonekana wa kahawia, kwa kuwa bluu imekwisha kutupwa pembeni na kinachobaki ni wekundu. Ukitazamwa dhidi ya ukuta mweupe huonekana wa kijivu kisichosema lolote. Mtazamaji akae ubavuni mwa gari, jua lipige moshi kutoka upande, na nyuma ya moshi kuwe na kitu cheusi: mlango mweusi, kivuli cha mti, au lami. Hapo bluu, kama ipo, itajitokeza yenyewe.

Rangi ikishajulikana, linalofuata ni wakati. Moshi wa bluu una njia kuu mbili za kuingilia. Ya kwanza ni chini, kwenye ringi za pistoni zilizolika. Oili hupanda kutoka kwenye sampu na moshi huandamana na kazi, yaani mguu ukikandamiza akselereta nao huzidi, asubuhi na jioni. Ya pili ni juu, kwenye sili za valvu. Hizi ni vikofia vidogo vya mpira vinavyofunika shina la kila valvu ili oili ya juu ya silinda hedi isitiririke ndani. Mpira huo hupikwa na joto miaka nenda rudi mpaka ukakauka na kupoteza mkazo. Gari likilala, oili iliyobaki juu hushuka tone kwa tone kwenye mashina ya valvu, na asubuhi ufunguo ukizungushwa akiba ya usiku kucha huungua kwa mkupuo mmoja. Kisha moshi unakoma, kwa sababu kilichokuwepo kimekwisha.

Hilo ndilo neno "asubuhi" katika swali la Makambako. Kuna jaribio la pili pia, na mahali pa kulifanyia pako njiani. Akisafiri kwenda Dar es Salaam atateremka mlima Kitonga. Ateremke kwa gia ndogo, mguu ukiwa nje ya akselereta. Mlango wa hewa wa injini huwa umefungwa na pistoni zinaendelea kuvuta, hivyo kanieneo ndani ya manifoldi ya hewa hushuka chini ya theluthi ya ile ya nje. Mvuto huo hunyonya oili kupitia kila sili iliyolegea. Akifika chini na kukandamiza mafuta, mtu aliyeketi nyuma ageuke aangalie: wingu la bluu likiruka mara moja na kupotea, valvu zimejitaja. Moshi ukiandamana nao mpaka Ruaha Mbuyuni, basi ni ringi.

Kwa dalili alizozieleza, fundi wa kwanza hana haki ya kushusha injini. Sili za valvu ni vipuri vya bei ndogo, na katika injini nyingi hubadilishwa bila hata kufungua silinda hedi. Fundi hufungua plagi, huingiza upepo wa kompresa kwenye tundu lake, na upepo huo huzishikilia valvu zisiangukie ndani wakati springi zinatolewa. Asiye na kompresa hushindilia kamba katika tundu hilo hilo na kuipandisha pistoni ikaibane juu. Ni ufundi wa kupendeza sana. Mwenye shaka apime kwanza mbano wa silinda kwa geji. Silinda yenye mbano mdogo imwagiwe kijiko kimoja cha oili na kupimwa tena. Mbano ukipanda, oili imeziba nafasi ya ringi na ringi ndizo zenye kosa. Usipopanda, kosa liko kwenye valvu au gasketi.

Moshi mweupe huogopewa kuliko unavyostahili. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji, kwa kuwa hidrojeni yake huungana na oksijeni ya hewani. Maji hayo hupita kwenye ekzosi kila siku; asubuhi ya Julai kule Njombe au Limuru huonekana, mchana wa Dar es Salaam hayaonekani. Mvuke halali huyeyuka hewani hatua chache nyuma ya gari, na bomba likishapata moto hukoma. Wenye shari ni ule unaoendelea injini ikiwa ya moto huku maji ya rejeta yakipungua: gasketi ya silinda hedi imepasuka, au hedi yenyewe ina ufa. Vitabu husema moshi huo hunukia utamu, nao ni utamu wa ethilini glaikoli iliyomo kwenye kulanti, kimiminika cha kupozea injini. Lakini magari mengi ya huku yamejazwa maji ya bombani, na maji hayanukii. Kipimo cha kuaminika ni kimiminika cha bluu chenye bromothimoli, kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikinguruma. Hewa chafu ya silinda ikiwa imepenya kwenye maji, kabonidioksidi yake hukigeuza rangi kuwa njano. Katika dizeli, moshi mweupe unaochoma macho ni mafuta yasiyoungua, na fundi aanzie kwenye hita plagi na nozeli.

Mweusi ni hesabu ya hewa na mafuta. Kilo moja ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa; hewa ikipungua au petroli ikizidi, kaboni hukosa oksijeni na kutoka ikiwa masizi. Chujio la hewa lililoziba, nozeli inayovuja na sensa ya oksijeni iliyokufa ni watuhumiwa wa kwanza. Magari ya zamani yenye kabureta yaliyorekebishwa Mombasa yalipanda Nairobi yakitoa moshi, kwa kuwa hewa ya huko juu ni nyepesi kwa karibu moja ya sita na petroli haikupungua kwa kadiri hiyo. Moshi wa dizeli una ubaya wa ziada: mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Yote haya yanamhusu mwenye moshi. Asiye na moshi naye asijiamini. Injini ya Toyota ya lita 2.4 iitwayo 2AZ-FE, inayopatikana kwenye Harrier, Alphard na Estima nyingi za Afrika Mashariki, ilipata sifa mbaya ya kula oili. Nchini Marekani kampuni iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yenye injini hiyo, yakiwemo Camry za 2007 hadi 2009, na gari lililokula zaidi ya kwati moja, karibu lita moja, ndani ya maili 1,200 (kilomita 1,930 hivi) lilistahili kutengenezwa, kwa kuwekewa pistoni na ringi mpya. Wenye magari hayo wengi hawakuona moshi wowote. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huwasha moto mara 100 kila sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, lita moja ya oili iliyosambazwa katika kilomita 1,000 ni zaidi kidogo tu ya robo ya milimita ya ujazo kwa kila mlipuko. Kiasi hicho masega ya ekzosi (katalitiki konveta) huweza kumalizia kukiunguza, na mwishowe fosforasi ya oili huyaua masega yenyewe.

Mwenye gari na apime oili kila anapojaza tangi, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kama tano. Kijiti kikionyesha kushuka kwa lita moja ndani ya kilomita 1,000, amwone fundi hata kama nyuma ya gari hakuna moshi.