SIKUKUU ZIMEKARIBIA: JINSI YA KUSEMA "HAPANA" KWA HESHIMA NA KUPUNGUZA MSONGO WA KRISMASI

Leo nina mada ambayo naona inatugusa wengi, hasa sisi vijana tunaojitafutia hapa Dar halafu Desemba ikifika tunatakiwa tuonekane nyumbani tukiwa tumenenepa mifuko. Mada yenyewe ni msongo wa mawazo wakati wa Krismasi, na namna mtu anavyoweza kuupunguza kwa kusema msimamo wake waziwazi bila kumvunjia mtu heshima. Mimi si daktari wala mtaalamu wa saikolojia, elimu yangu ni kidato cha nne. Ila nimesomasoma, na mengine nimeyajaribu kwenye ukoo wetu wenyewe, kwa hiyo naona si vibaya tukishirikishana.

KWANI KRISMASI NAYO INALETA MSONGO?

Najua kuna mdau ataniambia Krismasi ni furaha, msongo unatoka wapi? Sasa sikiliza. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha yanayomlazimisha mtu ajirekebishe. Kila tukio wakalipa pointi. Kufiwa na mume au mke ni pointi 100, kuoa au kuolewa ni 50. Krismasi nayo imo, ina pointi 12, moja zaidi ya kosa dogo la kuvunja sheria.

Utasema 12 ni kidogo. Ni kweli, lakini Krismasi haiji peke yake. Kwenye orodha hiyohiyo mabadiliko ya hali ya fedha ni pointi 38, mabadiliko ya usingizi 16, mabadiliko ya ulaji 15, mabadiliko ya mikutano ya familia 15, na kwenda likizo 13. Jumlisha na 12 za Krismasi unapata 109! Sisemi kwamba kwenda kula sikukuu ni sawa na kufiwa, na pointi zile zilipangwa kwa kuwauliza Wamarekani wa miaka ile. Ninachosema ni kwamba mzigo mmoja mmoja unaonekana mwepesi, ila ukiwekewa yote kichwani kwa wiki mbili lazima shingo iume.

Na mwili haujui kama unachokiogopa ni simba au ni meseji ya kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Unamwaga homoni zilezile, adrenalini na kortisoli. Moyo unaenda mbio, presha inapanda, usingizi unakata. Hali hiyo ikipita haraka haina neno, ila ikikaa wiki nzima ndiyo unakuta mtu ana maumivu ya kichwa, vidonda vya tumbo vinamchachamalia, na anamfokea kila mtu ndani ya nyumba.

HALI HALISI YETU

Nitazungumzia ninakokujua, yaani Kilimanjaro. Desemba ikifika Wachagga tunatawanyika kutoka kila kona ya nchi kurudi Rombo, Marangu, Machame, Kibosho na kwingineko. Kuna sababu ya maana. Nyumbani ni kihambani, ndiko walikozikwa babu zetu, na ndiko familia inakokutana, mbuzi anachinjwa na kila mtu anapata sehemu yake kwa mujibu wa nafasi yake. Kuna mtori, kisusio, mbege. Vipaimara, harusi na vikao vya ukoo vyote vinasubiri kipindi hicho maana ndipo watu wapo. Kwa kweli ni jambo zuri na sitaki mtu aseme napinga mila.

Tatizo ni kwamba kila kitu kizuri hicho kina bili. Nauli ya kwenda na kurudi weka elfu 80. Hujanunua mchele, mafuta ya kupikia na sukari ya bibi. Mchango wa mbuzi, mchango wa kipaimara cha mtoto wa binamu, mchango wa harusi, mchango wa kukarabati choo cha mzee. Hapo watoto wa kaka wanakuangalia mikononi. Halafu tarehe 2 Januari unarudi mjini unakutana na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na shule zinafunguliwa. Hata kwa shule za serikali ambako ada imefutwa, bado kuna sare, viatu, madaftari na begi.

Mtu asiyeweza kusema "siwezi" anafanya nini? Anaenda kukopa. Dada mmoja mtaani kwetu, anasuka saluni, alichukua mikopo ya kausha damu Desemba ili asiaibike nyumbani. Hadi Pasaka alikuwa bado anarejesha, na mdogo wake alichelewa kuripoti shule kwa sababu ya hela ileile. Hapo ndipo ninaposema suala hili si la mzaha. Krismasi ya siku tatu imekula miezi minne ya watu wawili.

NJIA NNE ZA KUJIBU OMBI

Wataalamu wa tabia wameliandikia sana jambo hili. Kitabu kilicholitangaza zaidi ni cha Wamarekani Robert Alberti na Michael Emmons, kilichotoka mwaka 1970. Kwa lugha yetu ya kawaida, mtu akikuomba au akikubebesha jambo usiloliweza unaweza kujibu kwa njia nne. Tuseme baba mdogo kapiga simu: "Kijana wa mjini, mbuzi wa mwaka huu ni wewe."

1. Unyonge. Unasema "Sawa baba mdogo" huku roho inauma. Amani ya leo, deni la kesho.

2. Ubabe. "Kila mwaka mimi tu, kwani mimi ni benki?" Umepumua, lakini umemtukana mzee na habari itafika Moshi kabla yako.

3. Kununa na vijembe. Unakubali halafu unazima simu, au unaweka "status" ya mafumbo. Hii ndiyo tunaipenda sana Waswahili! Lakini haimalizi jambo, na msongo unabaki palepale.

4. Msimamo wa heshima. Unasema ukweli wako, kwa sauti ya kawaida, unaonyesha unamjali yule unayezungumza naye, na unataja unachoweza.

Simu hiyo mimi nilipigiwa kweli mwaka jana. Nilimjibu hivi: "Shikamoo baba mdogo. Nashukuru kwa kunikumbuka, na mimi natamani tule wote. Mbuzi kwa mwaka huu sitaweza, maana Januari nina kodi. Ila nitakuja na kilo 10 za mchele na mafuta lita 3." Akaguna. Akasema wenzangu wote wanatoa. Nikamwambia, "Nakuelewa baba mdogo, mbuzi sitaweza, mchele na mafuta nitaleta." Akanyamaza kidogo, kisha akasema haya bwana, usisahau na majani ya chai. Kikaisha! Sitadanganya kwamba kila mtu alifurahi. Shangazi mmoja alininunia siku mbili nzima. Siku ya tatu tulikuwa tunamenya ndizi pamoja.

MBINU ZA KUFANYIA MAZOEZI

Kwanza, piga hesabu kabla simu hazijaanza. Chukua karatasi, andika hela uliyonayo, toa kodi na mahitaji ya shule, toa nauli ya KURUDI (wengi tunasahau hii), kinachobaki ndiyo Krismasi yako. Huwezi kuwa na msimamo kama hujui unasimamia nini.

Pili, usijibu palepale. Sema "Naomba nijipange, nitakupigia kesho jioni." Halafu kesho jioni piga kweli. Ukikaa kimya, mwenzako anahesabu umekubali.

Tatu, tumia hatua nne. Hizi ziliandikwa na Sharon na Gordon Bower mwaka 1976: eleza hali ilivyo, sema unavyojisikia, taja unachotaka, kisha onyesha faida yake. Mfano kwa mke na mume: "Mwaka jana tulirudi hatuna hata ya unga. Mimi nilikosa amani Januari yote. Naomba mwaka huu tukubaliane kiasi kimoja cha michango kwa pande zote mbili. Hivyo watoto wataanza shule bila sisi kukopa." Angalia hapo hakuna "wewe huwa" wala "ndugu zako". Neno "wewe" likianza sentensi, mwenzako anajiandaa kujitetea badala ya kusikiliza.

Nne, kanda iliyokwama. Hii ni ya Manuel Smith, aliiandika mwaka 1975. Mtu akikusukuma, rudia jibu lako lilelile, polepole, bila kuongeza sababu mpya. Ukiongeza sababu, kila moja itajibiwa. Ukisema sina nauli, utaambiwa panda lori. Ndicho nilichofanya kwa baba mdogo.

Tano, ukisema ndiyo iwe ndiyo. Wahenga walisema ahadi ni deni. "Hapana" ya tarehe 5 Desemba inampa mwenzako muda wa kutafuta njia nyingine. "Ndiyo" ya uongo inamwangusha tarehe 24 usiku.

Na si kwa ndugu tu. Stendi ya Magufuli kule Mbezi, Desemba hiyo watu wamejaa, mtu anakutajia nauli ya juu halafu tiketi imeandikwa ndogo. Nauli za mabasi ya mikoani zinapangwa na LATRA. Unaweza kusema kwa utulivu, "Kaka, naomba tiketi iandikwe hela ninayolipa." Huna haja ya kugombana, na akikataa unajua wa kumlalamikia. Au yale maswali ya sebuleni, "utaoa lini?" Jibu fupi na tabasamu linatosha: "Shangazi, siku ikifika wewe ndiye wa kwanza kujua. Vipi kuku wako?"

LAKINI HESHIMA JE?

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, sisi mkubwa habishiwi. Nakubali kwamba kwetu namna ya kusema ina uzito kuliko hata maneno. Kwa hiyo salamu kwanza. Usimkatalie mzee mbele ya kikao, mfuate pembeni mapema. Na kama jambo ni zito, pitia kwa mtu anayesikilizwa, mama mkubwa au kaka wa kwanza, akufikishie. Hiyo nayo ni njia ya kusema msimamo wako. Heshima si utumwa, na mzee mwenye busara hapendi kula mbuzi aliyenunuliwa kwa mkopo wa riba huku mjukuu amekosa madaftari. Tatizo ni kwamba wengi wao HAWAJUI, kwa sababu tukifika kule tunajifanya mambo safi!

Tuseme pia mipaka yake. Mbinu hizi hazimtoi mtu kwenye umaskini. Pia si za kutumia mbele ya mtu mwenye tabia ya kupiga. Hapo usalama kwanza, tafuta msaada kwa mtu wa kuaminika au dawati la jinsia polisi. Na ukitaka "hapana" yako iheshimiwe, jiandae na wewe kuambiwa "hapana" bila kununa. Mama akisema mwaka huu hawezi kupikia watu 40, usimwambie amebadilika. Mwulize tumsaidie nini. Mara nyingi yeye ndiye anayechoka kuliko wote na hana hata wa kumwambia.

Kama mtu amekosa usingizi wiki kadhaa, hali, au amekata tamaa ya maisha, hilo limeshavuka mambo ya michango. Mpelekeni hospitali mapema.

Mwaka huu karatasi yangu ya hesabu nimeshaiandika na tiketi ya kurudi ndiyo ya kwanza kukatwa. Je wewe mdau, kwenye ukoo wenu mnakubaliana vipi michango? Kuna aliyewahi kumwambia baba mdogo "siwezi" na yakaisha salama, au yaliharibika? Tiririka hapo chini tujifunze, ila tusitukanane na tusitaje majina ya ndugu.

Naomba kuwasilisha. Krismasi njema na safari njema kwa wote mnaokwenda nyumbani.