Elimu na Afya ya Mwili

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya swali ambalo wazazi huniuliza mara kwa mara: Je, mtu aliyesoma huwa na afya njema kuliko asiyesoma?

Jibu ni ndiyo, lakini si kwa nguvu ya kitabu peke yake. Mama aliyepata kusoma huweza kuitazama kadi ya mtoto, akajua kama uzito unapanda au unashuka. Akipewa dawa, husoma kipimo chake wala hakisii. Akiambiwa achemshe maji, huuliza sababu, na akisha kuijua hasahau. Tena mara nyingi ana mapato kidogo yaliyo yake, na neno lake husikilizwa nyumbani. Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa watoto wa mama waliofika shule ya sekondari hudumaa kwa uchache kuliko watoto wa mama wasiosoma kabisa.

Sasa tutazame jambo la hapa kwetu Iringa. Mkoa huu ni ghala ya chakula. Mahindi, maharagwe, viazi na mboga hupakiwa katika malori kwenda kulisha miji mingine. Shule nazo si haba. Walakini uchunguzi ule ule ulikuta ya kuwa katika kila watoto 100 wa Iringa walio chini ya miaka 5, kama 57 wamedumaa, hali kwa Tanzania nzima ni kama 30. Hili ni fumbo, nasi hatuna budi kulifumbua.

Kudumaa si ufupi wa kimo tu. Huanza tangu mimba mpaka mtoto atimizapo miaka 2, na katika muda huo ubongo nao hukosa chakula chake. Mtoto huyo huja darasani akiwa mzito wa kushika somo. Kumbe elimu huzaa afya, na afya nayo huzaa elimu.

Sababu zake tunazijua. Mama huamkia shambani alfajiri. Mtoto huachiwa dada yake mdogo pamoja na uji wa mahindi matupu. Maharagwe na mayai huuzwa, na fedha nyingine huishia kilabuni penye ulanzi. Wala msomi wa mjini asijivune: naye akila vya mafuta na sukari kila siku, wala asitembee kwa miguu, shinikizo la damu na kisukari humfikia.

Basi tukumbuke mwaka 1973, serikali ilipoanzisha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikusanyika vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakashauriana. Kisha wakashika majembe: wakachimba vyoo na kufyeka majani kandokando ya nyumba. Wengi wao walikuwa na elimu ndogo, lakini walitenda waliyojifunza.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Wewe mwanafunzi, twanga karanga utie katika uji wa mdogo wako. Nawe baba, kabla hujauza gunia la mwisho la maharagwe, ondoa kwanza fungu la mtoto. Elimu isiyofika jikoni haijamaliza safari yake.