Wahubiri wa Nyumbani na Wafadhili wa Ng'ambo

Wageni wanaoshuka Shimoni na kuvuka kwa mashua kwenda Kisiwa cha Wasini aghalabu hufuata pomboo na matumbawe ya Kisite-Mpunguti, wala hawashughulishwi na habari za dini. Walakini hapo kwenye mlango mwembamba wa bahari, Wavumba wenye Uislamu wa karne nyingi wakiwa kisiwani, na Wadigo, ambao wengi wao mno ni Waislamu vilevile, wakiwa bara, ndipo linapodhihirika kuliko pengine swali linalowakabili Wakristo wa pwani: ni nani apasaye kuihubiri imani yao, na masurufu yake yatoke wapi?

Hapo kale jawabu lilikuwa jepesi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akafungua kituo cha Rabai pamoja na Johannes Rebmann mwaka 1846, na gharama zikabebwa na Church Missionary Society ya London. Lakini katika safari na vijiji kazi nyingi ilifanywa na Waafrika, miongoni mwao wale waliokombolewa utumwani, wakalelewa Bara Hindi, kisha wakaletwa pwani yetu. William Jones, mmoja wao, alipewa ushemasi mwaka 1885 pamoja na Ishmael Semler kwa mkono wa Askofu James Hannington. Na Hannington alipouawa Busoga mwaka ule ule, ni Jones aliyeuongoza msafara uliosalia hadi ukafika pwani. Mtu aliyeweza kuaminiwa roho za watu njiani hakuaminiwa kukata shauri juu ya fedha na mipango ya kazi yake, na dhuluma hiyo ndiyo iliyoyadhoofisha makanisa ya pwani kuliko uhaba wa mali.

Ikawa mpaka mwaka 1971 ndipo Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki aliposimama Milwaukee, Marekani, akawaomba wafadhili wasitishe kwa muda kuleta wamisionari na fedha. Wengi walihamaki, walakini mkutano mkuu wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliliunga mkono wazo hilo. Gatu hakutaka udugu ukatwe. Alitaka makanisa yetu yapate wasaa wa kujijua na kusimama yenyewe, na mimi naamini alisema kweli.

Namna bora ya ushirika imepatikana hapa hapa Kwale, kwa Wadigo, katika kazi ya lugha. Bible Translation and Literacy, shirika la Kenya lililoanzishwa mwaka 1981, limefanya kazi ya Kidigo pamoja na wataalamu wa kigeni. Mwaka 2004 likatoka kamusi la Mgombato, la Kidigo, Kiingereza na Kiswahili, lililotungwa na Joseph Mwalonya na Juma Zimbu pamoja na Alison na Steve Nicolle, na mwaka 2007 likafuata Agano Jipya. Katika kazi kama hii mfasiri humsomea rasimu mzee asiyepata kuiona, kisha akamwomba aisimulie kwa maneno yake mwenyewe. Mzee akikwama, au akikunja uso kwa neno lisilosemwa hivyo kwao, mstari ule hurudi mezani. Fedha ya ng'ambo hununua karatasi, hulipa uchapaji, humlisha mfasiri miaka mingi. Hukumu ya uso ule haina budi kutoka kwa mwenyeji. Fauka ya hayo, kamusi humfaa hata Mdigo Mwislamu asiye na haja na Agano Jipya.

Hatari imo katika msaada wenye sharti la siri. Watu wa Wasini kwa miaka mingi wametegemea sana maji ya mvua, na kanisa la ng'ambo likitaka kuwajengea birika, na liwajengee kwa haki ya ujirani tu, wala lisitazamie orodha ya waongofu. Mhubiri anayelazimika kupeleka picha za ufukara na hesabu za ubatizo ili mshahara wake usikatwe amegeuzwa kibarua, na jirani zake Waislamu hulitambua hilo upesi.

Basi enyi wazee wa makanisa ya Diani, Ukunda na Msambweni mlio na marafiki ng'ambo: toeni kwanza fungu lenu la kumtunza mhubiri wenu, hata likiwa dogo, andikianeni mkataba ulio wazi, na kila mwaka someni hesabu mbele ya waumini wote, kwa Kiswahili.