Kiti cha Mtoto na Mto wa Kichwa
Ndugu zetu walinzi wa barabara huuangalia upesi mkanda wa dereva. Kiti cha mtoto kilicho nyuma twawaomba wakitikise pia. Katika magari kadhaa mto wa kichwa wa kiti cha nyuma umeinama mbele, nao hukisukuma kiti cha mtoto kinachotazama mbele kisilale juu ya egemeo. Mkanda huonekana umekazwa, kumbe kiti kinacheza. Gari lisimamapo ghafula, kichwa cha mtoto hutupwa mbele zaidi. Kishikwe pale mkanda unapopita: kikisogea zaidi ya sentimeta 2.5, hakijafungwa. Mto na uinuliwe au uchomolewe, vitabu vya gari na vya kiti vikiruhusu, kisha urudishwe akaapo mtu mzima, kwani huilinda shingo yake. Na mto usiochomoka? Hapo kiti kingine hujaribiwa garini kabla ya kulipiwa.