Nyota Tano na Bakuli la Tabaka

Mke wangu alinunua mtandaoni bakuli la jiwe la sabuni, liwe zawadi ya binti wa dada yake siku ya nikahi. Picha ilikuwa safi: jiwe jeupe lenye mishipa ya waridi, na chini yake maoni ya wanunuzi, karibu wote wametoa nyota tano. Lilipofika Mombasa lilikuwa limepakwa rangi nzito. Alipolipangusa kwa kitambaa kibichi rangi ikatoka, ukaonekana ufa uliozibwa kwa gundi. Ikabidi itafutwe zawadi nyingine, nyumba ikiwa imekwisha jaa wageni.

Miezi michache baadaye safari ilinifikisha Kisii, nami nikateremka hadi Tabaka, yanakochimbwa mawe hayo. Wanaume hulichimba jiwe na kulichonga kwa panga, tindo na visu. Wanawake huketi kando ya beseni la maji wakasugua kwa msasa, kwanza ule mkali, kisha laini na laini zaidi, hata jiwe likateleza kama shavu la mtoto; ndipo likapakwa nta. Nilimsalimu bibi mmoja aliyekuwa akisugua sahani, nikamwuliza, "Mama, mnunuzi wa mbali atalijuaje jiwe zuri?"

Akacheka. "Baba, jiwe hujulikana kwa mkono. Lishike, ni zito, ni baridi. Ufa hujitokeza likilowa. Sasa simu itakuonyesha nini?"

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Dalali akitaka vyombo vingi kwa siku chache, na bei asiongeze, msasa wa mwisho ndio unaoachwa, na jiwe lililopasuka halitupwi tena. Nikaelewa kwamba lawama yote si ya mchongaji.

Wasomaji wetu wanakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu ndani yake. Mwenye mali alitaja mvua. Naye akaulizwa kwa nini asiuweke unyevu juu watu wauone. Rangi juu ya ufa ni jambo lilo hilo. Ama maoni ya kununuliwa, hayo yana jina la zamani katika vitabu vya fiqhi: najshi, mtu asiyekusudia kununua kuisifu bidhaa au kuipandisha bei ili mwingine anase. Marekani ilitoa kanuni ya kuyapiga marufuku maoni ya uongo mwaka 2024. Wanazuoni wetu walikwisha kulikataza tendo lenyewe tangu kale. Hapa Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na ya kupewa habari anazozihitaji.

(Juu ya kuuza kitu kisichoonekana, madhehebu yetu ya Shafii yana maneno marefu, siyaingii leo.)

Lakini wako pia wasemao uongo bila kukusudia, na hapa nawaelekea kina mama zangu na dada zangu. Mzigo unafika asubuhi, na kabla ya adhuhuri nyota tano zimekwisha tolewa, bakuli halijaoshwa hata mara moja. Huo ni ushahidi juu ya kitu ambacho shahidi hajakijua.

Mke wangu aliandika aliyoyaona: rangi, gundi, ufa. Muuzaji akamletea ujumbe kwamba atamrudishia fedha zake zote iwapo atayafuta maneno hayo. Akaniuliza. Nikamwambia fedha ni haki yake kwa sababu ya kasoro iliyofichwa, bila sharti. Na maneno yake ni ushahidi, hayauzwi. Akamjibu hivyo hivyo, kwa adabu.

Fedha hazijarudi hadi leo. Maneno yapo. Bakuli tumelitia vipande vya udi, ufa umeelekezwa ukutani.