Zahanati Ipi Inachapa Kazi Zaidi?

Chukua zahanati tatu, kila moja ikiwa na wauguzi wanne na bajeti sawa. Kwa mwezi, ya kwanza hutibu wagonjwa wa nje 1,000 na kuzalisha kinamama 10. Ya pili, wagonjwa 400 na kinamama 40. Ya tatu, wagonjwa 500 na kinamama 20. Ipi inatumia vizuri zaidi ilichopewa?

Kugawa wagonjwa kwa wauguzi hakutoshi: mafua ni kazi ya dakika chache, kuzalisha huweza kukesha. Mwingereza Michael Farrell aliweka msingi wa kupima ufanisi wa aina hii mwaka 1957. Mwaka 1978 Abraham Charnes, William Cooper na Edwardo Rhodes wakauendeleza kuwa modeli iitwayo kwa kifupi DEA.

Katika modeli hii hakuna anayeamua mapema kwamba mzazi mmoja ni sawa na wagonjwa wangapi. Hesabu hukitafutia kila kituo uzito wa kazi unaokipendelea kuliko wote, kwa sharti kwamba uzito huohuo ukitumika kwa wengine, asipatikane anayepita alama 1. Zahanati mbili za kwanza zinapata 1. Ya tatu, hata ikipendelewa kiasi gani, inaishia 0.75: kwa kuchanganya utendaji wa wenzake, wauguzi wanne wangefikia wagonjwa kama 667 na kinamama 27.

Nchini Kenya, uchambuzi wa Joses Kirigia na wenzake uliochapishwa mwaka 2004 ulitumia njia hii kwa vituo vya afya vya umma, na asilimia 44 vilionekana kukosa ufanisi.

Lakini 0.75 haisemi sababu. Huenda dawa zimekwisha, au barabara haipitiki masika. Huenda muuguzi anamsikiliza mgonjwa hadi mwisho, jambo ambalo modeli hailioni lisipoingizwa kwenye takwimu. Tena, kijiji kilichopunguza malaria hupeleka wagonjwa wachache zahanati, na alama ya zahanati hiyo hushuka kwa sababu imefaulu. Hata 1 humaanisha tu kuwapita au kulingana na waliopimwa pamoja, ambao huenda wote wako nyuma.

Kwa hiyo mganga mkuu wa wilaya anayepokea alama hizi amepata orodha ya vituo vya kutembelea kwanza. Akiigeuza kuwa orodha ya watumishi wa kupunguza, atakuwa amekata shauri kabla ya kuuliza.